Madame wa Foyer na Mechi ya Ndola

Watu wa mtaa wetu wa Kamalondo wakinisikia nikimsifu Madame wa foyer hudhani nimemsamehe. Sijamsamehe. Ila mtu akikutenda vibaya mazuri yake hayafutiki yote siku hiyo hiyo, na mimi sitamzulia mabaya ambayo hakuyafanya. Yale aliyoyafanya yanatosha. Nitasema pande zote mbili, na atakayechoka ajiendee zake.

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo sikumuuliza. Nilimkuta mtu mzima tayari, mrefu, ana mabega kama mchukuzi wa stesheni, nywele amezikata fupi, na magoti yenye makovu ambayo hakujisumbua kuyafunika. Mumewe alikuwa injinia, mtu wa kimya, tukimwona ndani ya gari tu. Madame aliletwa kwenye foyer social ya mtaa wetu, ile nyumba ndefu ambamo wake na binti za wafanyakazi walifundishwa kupika kizungu, kupiga pasi na kushona. Yeye aliletwa kufundisha kushona.

Basi kichekesho chenyewe ni hiki: Madame hakujua kushona. Sindano ilimshinda kabisa. Kazi yote ilifanywa na Mama Monitrice, msaidizi wake, mama wa Kasai mwenye sura ya upole na ulimi wa wembe. Siku moja Madame alijitahidi akamaliza gauni la mtoto mchanga, akaliinua juu tulione. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Mama Monitrice akalitazama, akauliza taratibu kabisa, "Madame, ule mutoto ulimushonea, iko na mikono ya namna gani?" Tulishika vinywa. Mzungu mwingine angemfukuza kazi pale pale. Madame alicheka mpaka akakaa sakafuni, machozi yakamtoka. Hilo nampa. Alijua kujicheka.

Alichokijua yeye ni mpira wa magongo. Kabla ya vita, kabla ya kuolewa, alikuwa mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake wa Ubelgiji. Alivuka bahari kwenda kucheza Uingereza, alipanda treni kwenda Uholanzi na Ujerumani. Alicheza mbele, upande wa kushoto, mahali ambapo, alivyosema, mtu mwoga hakai. Jino lake moja la mbele halikuwa lake. La kwake lilibaki Uholanzi. Alitusimulia hayo kwa Kiswahili chake cha jikoni, Kifaransa kikiingia palipokosekana neno, na mkono ukichora kwa chaki juu ya sementi. Hapa mimi. Hapa ile kubwa, mnene, mubaya. Mpira unatoka huku. Pa! Alikuwa anaruka, mkasi bado uko mkononi, na sisi tunarudi nyuma asije akatuchoma. Mechi zile alizicheza mbele yetu zote. Baadhi yake nilizijua kiasi kwamba akiruka kipande namkumbusha.

Lakini akimaliza alikuwa anaanza ghafla kufuta chaki kwa mguu. Mara moja alisema, kama anajiambia mwenyewe, "Humu Élisabethville, hakuna muntu aliniona." Mabibi wa kizungu wa klabu ya mjini walicheza magongo jioni jioni kabla ya chai, wanakimbia kidogo, wanarekebisha nywele. Yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha, na nadhani alikuwa anawadharau. Kwao alikuwa mke wa injinia tu.

Sisi tulianza kucheza kwa sababu ya ufagio. Asubuhi moja alifika mapema akatukuta tunafagia uwanja wa nyuma, tumeinama kama mama zetu walivyotufundisha, mkono mmoja mgongoni, ufagio mfupi unakwenda kushoto na kulia. Akasimama. Kumbe kule kwao walimu hulia na wanafunzi miaka mizima: inama, inama! Na hapa wasichana wanatembea wameinama tangu utotoni, mgongo hauwaumi. Alikwenda kwa seremala wa kambi ya wafanyakazi akachongesha magongo ya mti mgumu, yamepinda chini, upande mmoja bapa, maana upande bapa ndio unaoruhusiwa kuugusa mpira. Akaleta mpira mweupe, mgumu kama jiwe. Akamwaga mstari wa chokaa kuzunguka uwanja. Mama Monitrice akauliza kama hiyo nayo ni kushona. Madame akajibu ndiyo, ni kushona kwa miguu.

Aka! Tuliupenda mchezo ule. Mimi niliupenda kupita kiasi. Nilikuwa msichana mkubwa, nimechumbiwa tayari, na nikilala naona mpira unakuja upande wangu. Mwanzoni lakini mambo hayakwenda, na kosa lilikuwa letu. Miongoni mwetu kulikuwa na mke kijana na mama mkwe wake, wote wanahudhuria foyer, na Madame, asiyejua lolote, akawaweka timu mbili tofauti. Mama mkwe akaja na mpira. Yule kijana akamwona, akaweka gongo chini, akapiga magoti, akainamisha macho. Mama mkwe akapita salama akafunga goli, polepole, kama anakwenda kanisani. Si yeye peke yake. Na sisi wengine akija yaya wako, dada yako mkubwa, utamnyang'anyaje kitu kilicho mbele yake? Tulikuwa tunapisha. Mechi nzima ilikuwa kupishana na kuombana radhi.

Madame alipuliza filimbi mpaka akakaribia kuimeza. Mama Monitrice akamweleza mambo ya ukwe na ya ukubwa. Madame aliwaza, na alipokuja tena alitusimamisha wote kwenye mstari. "Ukivuka hii chokaa," alisema, "hapana mama mukwe. Hapana yaya. Hapana Madame! Hapa iko mupira tu. Inje, mutapigiana magoti." Tukanong'ona. Ni mama mkwe mwenyewe aliyeamua, alivuka kwanza, akamwita mkamwana wake kwa jina, akamwambia, "Kuya, uninyanganye kama uko na nguvu." Yule kijana alimnyang'anya, na kwa bahati mbaya akamgonga mguu. Mtaa ulisema sana juu ya mguu ule. Wao wawili walicheka tu, na baadaye walikuwa wanakuja pamoja wamebeba magongo yao begani.

Mimi neno lile la chokaa nililimeza zima zima. Hapana Madame. Nilimkabili uwanjani kama mtu yeyote, nikaanza kumpita. Mara ya kwanza nilipompokonya mpira alitoa tusi la Kiflamandi, halafu akanijia akanishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuwa mtu wa sifa nyingi. Alisema tu, "Weye, ulizaliwa kwa kucheza." Nilikwenda nyumbani sioni njia.

Nje ya chokaa alikuwa mtu mwingine, na sikuwa mjinga, niliona. Nyuma ya foyer alikula bukari nasi, ugali wetu, anakata kwa mkono, anachovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, anajilamba vidole. Lakini kikombe chake cha maji kilikuwa chake, kinakaa kabatini, na hakuna aliyekigusa. Siku moja nilikutana naye mjini, mbele ya maduka ya wazungu, ametoka na mabibi wawili. Nikamsalimu, "Bonjour, Madame." Akageuka akatazama viatu kwenye dirisha. Viatu vya wanaume! Kesho yake kwenye foyer akaniuliza mbona nimenuna. Nikasema sijanuna. Nilijitafutia sababu mwenyewe: jua lilimpiga machoni, hakuniona. Mtu ukimpenda unamfanyia kazi hiyo ya kumtafutia visingizio, tena bila malipo.

Sasa hiyo Ndola. Wale mabibi wa klabu walialikwa kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, kucheza na wanawake wa kizungu wa Rodezia ya Kaskazini. Hii haikuwa chai ya jioni. Madame aliisema kwa sauti ya pekee: nchi na nchi. Alibadilika. Alikimbia asubuhi peke yake kando ya reli, mumewe anamfuata kwa gari polepole. Halafu bibi mmoja wa timu akavunjika mkono, na timu ikabaki na watu kumi.

Alinikuta nakunja vitambaa. Akafunga mlango. "Utacheza weye," alisema.

Nikadhani ananitania. "Miye, Madame? Na bazungu?"

"Nimesema utacheza. Nilishapanga. Tayarisha sketi."

"Na bale Bangereza, banakubali?"

"Hiyo ni kazi yangu," akasema, akanigonga bega.

Mnataka kujua furaha ni nini? Nilishona sketi ile mwenyewe, nyeupe, pindo nililishona mara mbili lisifumuke. Baba yangu, fundi wa reli, mtu asiyekubali neno upesi, aliniketisha mbele yake. "Mutoto yangu, bazungu benyewe banakubali?"

"Madame anasema banakubali, Baba."

"Kama Madame anasema, basi enda. Lakini usituletee haya."

Kwa mchumba wangu haikuwa rahisi. Alikuwa karani, kijana mzuri, familia yake ya Kasai, watu wa misa ya kwanza na viatu vilivyong'aa. Mama yake alikuja kwetu mwenyewe, akakataa kukaa. "Miye sitaki mukamwana wa kutembeza magoti ku macho ya bantu," alisema. "Akipanda ile treni, nitachagulia mwana wangu muke mwingine, kwangu asirudie." Mchumba alinifuata hadi uani. Aliniomba, hakunifokea. "Acha ile mupira, tutaoana kisha Pasaka. Ni mechi moya tu."

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni mechi moya tu. Uningojee."

Akasema hawezi kumpinga mama yake. Tukaachana pale, kwenye kamba ya nguo. Nililia, sitasema sikulia, lakini sikurudisha mguu. Niliuza ndoa yangu kwa neno la Madame, na niliona nimepata.

Treni yenyewe mnaijua. Mabibi mbele, kwenye mabehewa yao, mimi nyuma na watu weusi, magunia na kuku, na magongo yote ya timu nimeyapakata kwa kuwa Madame alisema nisiyaache. Tulipofika Sakania polisi wa mpaka akaja na kuuliza mimi nani, naenda wapi na fimbo hizo. Madame alishuka akaja mbio kwenye jukwaa. Akamwambia kwa Kifaransa, hata hakuvuta pumzi, "Ni boyesse wangu." Mtumishi wangu wa nyumbani. Polisi akatikisa kichwa, akapita. Madame akanikonyeza jicho. Ooh, nikafurahi! Nikaona ni hila ya kunivusha. Nikamkonyeza na mimi.

Ndola, uwanja ulikuwa kijani kitupu, nyasi fupi, mstari umenyooka, watu wameketi kwenye viti vya turubai. Mimi nilipelekwa nyuma, kwenye kibanda cha mpishi wa klabu. Nikavaa sketi yangu. Mpishi, mzee wa Kibemba, akanitazama toka juu hadi chini. "Mwana wangu," akaniuliza, "unaenda wapi na hiyo nguo?"

"Naenda kucheza, Tata."

Hakucheka. Bora angecheka. Alisema tu, "Ngoja bakuite kwanza."

Nilingoja. Nikasikia filimbi ya kujiandaa. Nikatoka hadi kwenye kona ya kibanda, nikamwona Madame anakuja upande wangu, gongo mkononi, uso mwekundu. Akanisogeza nyuma ya ukuta kwa kifua chake. "Bamekataa," alisema. "Bangereza bamekataa. Nimeomba, nimeomba, bamekataa. Pole, mutoto yangu. Vua sketi, bataona." Nikamuuliza nitafanya nini sasa. Akasema mapumziko nitapeleka machungwa.

Nikavua sketi nyuma ya majungu ya mpishi. Wale wenyeji wakawaazima timu yetu mtu wa kumi na moja, kibinti cha kizungu kisichojua kushika gongo, kinaukimbia mpira kama mtu anayekimbia nyuki. Na Madame akacheza. Mungu wangu, alicheza! Yote aliyotuchorea kwa chaki niliyaona kwa macho yangu siku ile. Watu walisimama kwenye viti vyao. Mzee mmoja wa Kingereza alivua kofia. Timu yetu ilishindwa, maana kushoto na kulia alikuwa peke yake, lakini mwisho watu wote walimzunguka yeye, wanamuuliza, na nikamsikia anasema kwa Kingereza neno hilo la Ubelgiji, Belgium, Belgium, anajipiga kifua. Mimi nimesimama na sinia la maganda.

Njia nzima ya kurudi nilimhurumia yeye. Ndiyo, yeye! Nilisema maskini Madame, ameomba, wamemkatalia. Mtaani walinicheka, walinivika majina, mchumba wangu akaoa msichana wa chaguo la mama yake, na mimi kazi yangu ikawa kumtetea Madame. Baba aliuliza mara moja tu. Nikamwambia Wangereza walikataa. Akasema, "Bangereza," akatema mate. Kwenye foyer magongo yaliwekwa stoo. Madame alisema wakubwa wanataka kushona. Yule mama mkwe alivuka mistari yote ya chokaa kwenda kumuuliza, akajibiwa hivyo hivyo, wanataka kushona. Kisha Madame mwenyewe akaacha kazi ya foyer, nikawa namwona kwa nadra, akipita na gari.

Miaka ilikwenda. Niliolewa na mtu mwema wa reli, nikazaa, nikachukua nafasi ya Mama Monitrice alipozeeka. Siku moja nikapata habari kwamba Madame na mumewe wanarudi Ulaya na wanatoa vitambaa kwa foyer. Nikaenda kuvichukua, kule upande wa Golf, mtaa wa wazungu, kwenye zile villa zenye majani yaliyokatwa. Nilimkuta katikati ya makasha. Nywele zilikuwa nyeupe. Alinikumbatia, na nikamkumbatia, uongo wa nini, kwa moyo wote.

Akaleta kahawa mwenyewe. Tukaongea juu ya watoto. Halafu mimi ndiye niliyeianza. Nilitaka kumtua mzigo kabla hajaondoka. Nikamwambia, "Madame, ile ya Ndola usiibebe ku roho. Najua uliniombea. Bangereza njo balikataa."

Akaweka kikombe chini. Nadhani angeweza kunyamaza, na mimi ningekufa namtetea.

"Hawakukataa," alisema kwa Kifaransa. "Sikuwauliza."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akaendelea, anatazama makasha. Alishuka kwenye treni na nia ya kuwauliza, alisema. Hata walikuwa na bibi mmoja pale, kapteni wao, mtu mwenye moyo mwepesi, ambaye pengine angesema ndiyo. Lakini aliviona vile viti, wale watu wamekaa wanangoja. "Nilikuwa nimengoja miaka mingi mtu anione mara moja tena," alisema. "Na wewe ulikuwa umeshanipita. Ungeingia, wangekutazama wewe."

Nilimwona mama wa mchumba wangu amesimama mlangoni kwetu hataki kukaa. Nilimwona Baba akiwatemea mate watu ambao hawakunikosea. Kumbe miaka yote ile niliwachukia Wangereza bure, kumbe adui wangu nilikuwa nakula naye bukari. Nilitaka kumwambia maneno makali, na kwa Kiswahili ninayo mengi. Nikaishia kukoroga kahawa.

Yeye akafikiri nimepoa. Akanishika mkono, akajaribu kutabasamu na lile jino lake. "Lakini ulicheza baadaye, sivyo?" akauliza. "Kipaji kile! Wamisionari, ao kampani, kulikuwa na timu zingine. Ulicheza?"

"Apana, Madame."

"Hata kidogo?"

"Kwenye uwanja wa foyer tu, na benzangu. Mechi ya kweli, sikucheza."

"Hata moja?"

Nikasimama, nikachukua furushi la vitambaa, nikaliweka kichwani. Yeye alibaki amekaa.

"Weye Ubelgiji ilikupa mingi," nikamwambia. "Miye nilikuwa na ile moya."

Mumewe aliingia akauliza kama kuna kahawa iliyobaki. Nilimpisha mlangoni, nikaenda zangu kutafuta basi la Kamalondo.